Kanga walioongezeka madoa: kisa cha picha ndogo ya sebuleni Moshi

Picha yenyewe, ya ndege wawili aina ya kanga, ni ndogo, futi moja kwa futi moja, na si ya bei kubwa kuliko vitu vyote vya sebule ile. Kuna batiki tatu, kuna kinyago cha Kimakonde kirefu kuliko mtoto wa darasa la pili, kuna mlima uliochorwa kwa rangi nyepesi na mjukuu alipokuwa sekondari, na kuna kalenda za usharika za miaka iliyopita ambazo hakuna anayethubutu kuzitoa. Lakini mwenye nyumba alishasema mbele ya watoto wake wote kwamba moto ukiwaka atatoka na kanga wake wawili, vingine vijitegemee.

Mwenye nyumba ni muuguzi mstaafu, mjane, anaishi Shanty Town hapa Moshi. Nitamwita Bibi kama wajukuu wake wanavyomwita. Ameridhia kisa kiandikwe, mradi jina lisitajwe. Mimi kazi yangu ni fremu, na fundi fremu katika mji huu anaitwa kwa mambo mengi yasiyo ya fremu: picha imeota fangasi, picha imeliwa na mchwa, picha inagombewa na ndugu. Hii ilikuwa na yote isipokuwa mchwa.

Mwezi wa sita Bibi alianza kusema kanga wake wameongezeka madoa. Watoto wakaelewa wanavyoelewa watoto wa mtu anayekaribia miaka themanini. Wa Dar akampigia simu wa Arusha, wa Arusha akaja na gari, Bibi akapelekwa kwa daktari wa macho. Alishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huko nyuma, wakadhani tatizo limerudi. Daktari akamsomesha herufi mpaka mstari wa chini, akasema macho haya hayana neno. Bibi akarudi nyumbani akanipigia mimi.

"Fundi, njoo uwatazame hawa kanga. Hapa nimeshaonekana nachanganyikiwa."

Tuelewane kwanza picha ikoje, maana kila aliyekosea alikoseshwa na picha yenyewe. Kanga wawili wanatazamana chini ya mti mwembamba. Nyuma yao ni manjano tupu, hakuna nyasi wala mbingu. Miili ni myeusi, na juu ya weusi huo mchoraji amepiga nukta nyeupe safu kwa safu, kutoka shingoni hadi mkiani. Ni rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya makopo iliyokuwa ikipakwa baiskeli, juu ya hadibodi. Sasa kuvu ikianza kuota juu ya picha kama hii huanza na vidoa vyeupe. Ingekaa kwenye manjano au kwenye mti, mtu angeweza kuishtukia mapema. Kwa kanga haionekani kabisa. Mtu pekee anayeweza kuiona ni yule aliyewatazama ndege wale kila jioni kwa zaidi ya miaka arobaini, na huyo ndiye aliyepelekwa kwa daktari wa macho.

Nilifunga mapazia, nikazima taa ya dari, nikashika tochi ya simu ubavuni mwa picha ili mwanga upite sambamba na uso wake badala ya kuupiga kutoka mbele. Ni njia ya kwanza ya kuchunguza picha yoyote, na haina gharama. Nukta za mchoraji zilijitokeza papo hapo: rangi nzito, imetuna katikati, upande mmoja kivuli na upande wa pili mng'ao. Katikati yake kulikuwa na nukta nyingine zisizo na kivuli wala mng'ao. Kwa lenzi kingo zake zilikuwa na vinyweleo, na mahali pengine zilishagusana. Zilikuwa nyingi zaidi kwa kanga wa kushoto, chini ya tumbo, na zilizidi kadiri unavyoshuka kuelekea ukingo wa chini.

Mjukuu akachimbua kwenye simu yake picha za kipaimara. Watu wamejipanga sebuleni, na kanga wanachungulia nyuma ya bega la mchungaji. Tulipoikuza, chini ya safu ya mwisho ya nukta kwenye tumbo la kanga wa kushoto kulikuwa na ukanda wa weusi mtupu. Kwenye hadibodi iliyokuwa mkononi mwangu ukanda ule ulikuwa umejaa vidoa. Bibi hakusema kitu. Aliwatazama tu watoto wake, mmoja baada ya mwingine.

Kulikuwa na doa la aina ya tatu, na kwa maoni yangu kulikwangua kungekuwa na hatari kubwa kuliko kuvu yenyewe. Kona ya juu kulia, kwenye manjano, kuna ukoko wa kijivu wenye ukubwa wa kidole gumba. Nyumba nzima waliuita uchafu. Dada wa kazi alishawahi kuukwangua kwa ukucha akakatazwa, si kwa sababu Bibi alijua ni nini, ila hakupenda mtu aguse. Chini ya lenzi ukoko ule ulikuwa nyuzi za karatasi, na ndani ya nyuzi kulikuwa na alama za wino: herufi zimegeuka kama unavyoziona kwenye kioo. Gazeti. Niliomba pasiguswe mpaka tujue limefikaje pale.

Dawa zilikuwa nyingi kuliko wagonjwa. Kitinda mimba alitaka kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu mume wa Bibi, alipendekeza klorini ya kung'arishia nguo, kwa hoja kwamba inaua kila kitu, jambo ambalo ni kweli na ndiyo sababu ya kuikataa. Wa Arusha alimjua kijana anayechorea watalii ambaye "angeirudishia weusi wake" kwa nusu siku. Mjukuu alisoma mahali kwamba kipande cha kiazi kibichi kinasafisha picha.

Tuanze na kiazi, maana hiki kimeenea. Kiazi kinaacha wanga, na wanga ni chakula cha kuvu; unafuta mlo wa leo unaacha wa kesho. Maji na sabuni yanaingia kwenye nyufa ambazo jicho halizioni, yanafika kwenye hadibodi, na nyuzi za mbao zikinyonya maji zinavimba na hazirudi zilivyokuwa. Klorini inachubua rangi pamoja na kuvu. Kuhusu kijana wa kurudishia weusi, sina ubaya naye, anajua kushika brashi. Ila angepaka rangi juu ya kuvu hai, na baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kusema ni nukta ipi aliipiga mchoraji na ipi aliipiga yeye. Kwa picha ambayo karibu uzuri wake wote uko kwenye mpangilio wa nukta, hilo si jambo dogo.

Wakati wanabishana niliomba nione mgongo.

Mgongo wa hadibodi una ile sura ya wavu, kwa sababu nyuzi za mbao hushindiliwa kwa joto na mvuke juu ya wavu wa chuma. Upande mmoja unatoka laini, wa pili unabaki na alama. Wachoraji huchora upande laini. Rangi ya mafuta ikishapakwa mbele inaziba vizuri, huku nyuma kukibaki kikavu na chenye kiu. Hapa nyuma kulikuwa na mchirizi wa kahawia uliopanda kutoka ukingo wa chini hadi karibu theluthi ya picha. Ukingo wenyewe ulikuwa umenenepa. Ukiupapasa kwa vidole unasikia tofauti na ukingo wa juu. Pembe zilikuwa zimeanza kujipinda kuja mbele, jambo ambalo hutokea upande wa nyuma ukitanuka zaidi ya wa mbele. Na ulikuwa na harufu ile ya sanduku lililokaa stoo. Kwa hiyo unyevu haukutoka kwenye hewa ya sebule wala kwenye kitambaa cha dada. Uliingia kwa nyuma.

Nikauliza picha hii imekaa ukuta huu tangu lini.

Sebule ikawa kimya. Mjukuu, ambaye hana cha kupoteza, ndiye aliyejibu: "Si tangu ile Krismasi ya tivii."

Nyumba za huku Desemba zinajulikana. Watu wanarudi kutoka Dar, Mwanza, Dodoma, barabara inajaa magari, na nyumba ya wazazi inapigwa rangi kabla hawajafika. Mwaka ule kitinda mimba alimletea mama yake tivii ya inchi 55, akili nzuri kabisa. Tivii ilihitaji ukuta mpana usiopigwa na mwanga wa dirisha, na ukuta huo ulikuwa mmoja tu: wa ndani, unaotenga sebule na chumba cha kulala, ambako kanga walikuwa wamekaa tangu nyumba ijengwe. Wakahamishiwa ukuta wa nje, upande wa bustani, chini kidogo, juu tu ya mgongo wa kochi, ili Bibi awaone akiwa amekaa. Na ukuta ule ulikuwa ndio kwanza umepakwa rangi ya mafuta.

Tulitoka nje. Gata ilikuwa imeachana kwenye maungio juu ya mahali pale pale, na lipu chini yake ilikuwa na ukanda wa kijani. Chini kabisa kulikuwa na kitalu cha maua. Miaka yote Bibi amekuwa akiongeza samadi na udongo, mpaka udongo wa nje ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Halafu ikaja masika. Mvua ya Machi hadi Mei upande huu wa kusini wa Kilimanjaro si ya kutania, na baada yake Juni na Julai ni baridi na mawingu, ukuta hauna nafasi ya kukauka. Zamani ukuta uliokunywa maji ulikuwa ukiyatoa polepole kupitia rangi ya maji. Rangi ya mafuta ikawa imeziba mlango huo. Nyuma ya picha rangi ya ukuta ilikuwa imefanya malengelenge, na ukiyabonyeza yanatoa unga mweupe wa chumvi.

Baba mdogo hakukubali. Alisema ni pumzi za watu na mvuke wa jikoni. Ni hoja ya haki na ina kipimo chake: tulibandika kipande cha nailoni ukutani, selotepu pande zote nne, kikalala pale. Asubuhi yake matone yalikuwa upande wa nailoni unaotazama ukuta, upande wa sebule pakavu. Mvuke wa jikoni ungefanya kinyume chake. Mlima wa mjukuu, uliotundikwa ukuta huo huo lakini juu zaidi na mbali na gata, haukuwa na doa.

Matibabu yalikuwa ya kuchosha kwa wanaopenda kuona kazi ikifanyika. Picha ilitolewa kwenye fremu, ikasimamishwa chumba cha wageni ikiegemea mgongo wa kiti, hewa ikipita mbele na nyuma, dirisha wazi mchana, mbali na jua. Kila aliyepita alitaka kuianika. Hadibodi iliyolowa ikianikwa juani inakauka upande mmoja haraka kuliko wa pili, inajipinda, na rangi ya mafuta ya umri ule, ambayo imeshakuwa ngumu kama kucha, haiwezi kuifuata, inapasuka. Basi tulisubiri. Pembe zilirudi kwa sehemu kubwa. Ukingo wa chini umebaki mnene, na utabaki hivyo.

Kuvu ikikosa unyevu inalala, inakuwa unga. Hapo ndipo inapoguswa, kabla ya hapo unaipakaza tu. Tuliipeleka picha uani, barakoa usoni, upepo mgongoni, nikaipiga kwa brashi laini ya kuchorea, mipigo mifupi inayoelekea nje ya ukingo, mbele kisha nyuma. Hakuna maji, hakuna dawa. Nukta za uongo zilitoka karibu zote. Chini ya tumbo la kanga wa kushoto kumebaki kivuli cha kijivu, mahali kuvu ilipokwisha kula mng'ao wa rangi. Wa Arusha aliuliza tena kuhusu yule kijana. Bibi akamwambia, "Mwache na yeye azeeke." Vipande viwili vya manjano vilivyobanduka ukingoni havikugandishwa kwa gundi ya dukani, viliingia kwenye bahasha ndogo, vinasubiri siku picha itakapofika kwa mtu mwenye ujuzi na gundi inayoweza kutolewa.

Sasa lile doa la gazeti. Wakati picha inakauka, baba mdogo aliipiga picha kwa simu akamtumia mnunuzi mmoja wa Nairobi. Mnunuzi akajibu haraka kuliko kawaida ya wanunuzi: ikiwa ni ya Tingatinga mwenyewe, yuko tayari, na akataja kiasi kilichobadilisha hewa ya nyumba. Alitaka kuona sahihi. Mbele hakuna sahihi. Baba mdogo akapiga hesabu: sahihi lazima iko chini ya ule ukoko, ukwanguliwe.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa takriban miaka minne tu, na hiyo ndiyo sababu kazi zake halisi ni chache na bei yake haifanani na ya picha za mitindo yake zinazouzwa kila kona ya Arusha. Waliojifunza kwake, akina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Casper Tedo, Adeusi Mandu na Simon Mpata, waliendeleza kazi hiyo kwa vifaa vile vile: hadibodi na rangi ya baiskeli. Kwa hiyo vifaa havithibitishi chochote. Mnyama mmoja au wawili mbele ya rangi tupu, bila msongamano wa nukta na maua wa picha za baadaye, kunaonyesha ni kazi ya miaka ya mwanzo. Mkono wa nani, hapana.

Nilimuuliza Bibi picha ilifikaje nyumbani. Mume wake alikuwa Dar kikazi. Aliinunua Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa mchoraji aliyekuwa amekaa chini nje ya duka, akaifunga kwa gazeti, akapanda basi. Alipofika Moshi alimkuta Bibi ametoka kujifungua mtoto wa pili, huyu wa Dar. Wakafungua gazeti, kona ikawa imeshika. "Ilikuwa bado inanuka rangi, nikamwambia itoe chumbani kwa mtoto."

Mtoto wa pili ana cheti cha kuzaliwa: 1974.

Rangi ile ikikauka sawasawa haishiki gazeti. Iliyoshika gazeti ilikuwa haijakauka, na iliyokuwa haijakauka mwaka 1974 haikuchorwa na mtu aliyefariki 1972. Hata ukoko ungekwanguliwa na jina la Tingatinga likatokea chini yake, lingekuwa jina la uongo, na soko lina mengi ya namna hiyo. Na kwa mwanga wa ubavuni hakuna mtuno wa maandishi chini ya karatasi ile. Ukoko ambao nusu ya ukoo ulitaka uondolewe ndio ushahidi pekee wa tarehe ulio juu ya picha yenyewe. Nilimwandikia mnunuzi hayo. Hakujibu.

Baba mdogo hakukata tamaa kirahisi. Alikuja na jina la pili: Sam Ntiro, kwa kuwa ni mtu wa Machame na "huenda alimpa marehemu." Ntiro, aliyezaliwa 1923, ni fahari ya mkoa huu kweli; picha yake ya 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko jumba la makumbusho la MoMA, New York. Lakini Ntiro alichora watu na migomba na shughuli za kijiji, kwa mafunzo ya Makerere na ya Slade, chuo cha sanaa cha London. Kanga wa rangi ya baiskeli hawakutoka kwake. Nilimweleza kwa heshima, shikamoo kwanza.

Kitinda mimba alijitolea kuondoa tivii. Bibi alikataa katakata, anafuata tamthilia. Kanga wakapata nafasi ukuta mwingine wa ndani, chini ya saa, na kwa hilo kalenda za usharika zilishushwa, mazungumzo ambayo nilitoka nje yakiendelea. Fremu ni ile ile ya zamani. Nyuma yake, pembe mbili za chini, nimeweka vipande vya kizibo ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Sikuweka plaiwudi ya kuziba mgongo wala kioo mbele. Kioo kinachogusa rangi ya aina hii kinaweza kushikamana nayo. Gata imeunganishwa kwa pesa ya kitinda mimba, udongo wa kitalu umeshushwa chini ya usawa wa sakafu, rangi ya mafuta imekwanguliwa, na ukuta umeachwa uchi mpaka ukauke ndipo upakwe rangi ya maji. Wageni wanauliza kama nyumba inauzwa.

Jambo la mwisho lilikuwa bahasha. Niliomba familia iandike wanachokijua, ikae kwenye kabati la vyeti, na nakala ibandikwe nyuma ya fremu, kwenye mbao, si kwenye hadibodi. Wa Dar aliandika kwa mkono: kanga wawili, rangi ya mafuta juu ya hadibodi, ilinunuliwa na baba Morogoro Stores, Dar es Salaam, 1974, kona ya juu kulia ni gazeti la kufungia, lisiondolewe, mchoraji hajulikani. Baba mdogo alitaka baada ya "hajulikani" liongezwe "inasemekana ni Tingatinga." Halikuongezwa.